Jengo la fremu Marekani: Hesabu ya umeme huanzia kwenye swichi kuu

MWEKEZAJI mdogo anayenunua jengo la duka moja nchini Marekani na kuligawa fremu nne hupiga kwanza hesabu ya kuta, milango na kodi ya pango. Gharama iliyo rahisi kusahauliwa imo ndani ya masanduku ya chuma yaliyofungwa ukutani, ambamo umeme wa kampuni huingia katika jengo. Mkaguzi wa mji hufika hapo, na asiporidhika, mara nyingi kampuni haiwashi umeme. Fremu isiyo na umeme haipati mpangaji, na riba ya mkopo wa benki haisubiri.

Kanuni zinazotumika ni Kanuni za Umeme za Taifa, zinazojulikana kwa kifupi cha NEC. Zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na tangu mwaka 1911 zimekuwa chini ya chama cha kinga ya moto cha NFPA, ambacho huzirekebisha kila baada ya miaka mitatu. Hata hivyo, kanuni hizo hazina nguvu ya sheria mpaka jimbo au mji uzipitishe. Kwa hiyo majengo mawili katika majimbo mawili yanaweza kukaguliwa kwa matoleo tofauti, na jambo la kwanza kwa mnunuzi ni kuuliza ni toleo la mwaka gani linalotumika mahali lilipo jengo.

Njia mbili za kugawa

Mwenye jengo la fremu nne ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuweka swichi kuu moja, mathalani ya ampea 400, kisha kutoa matawi ya waya kwenda kwenye swichi ndogo ya kila fremu. Ya pili ni kuweka swichi kuu nne pamoja mahali pamoja, kila moja ikiwa na mita yake. Njia hii humwezesha kila mpangaji kulipa ankara yake mwenyewe, na mwenye nyumba huepukana na ugomvi wa mwisho wa mwezi.

Kanuni huruhusu swichi kuu mpaka sita kwa laini moja ya kampuni. Zamani zote sita ziliweza kukaa katika sanduku moja. Toleo la 2020 lilibadilisha hilo: kila swichi sasa hutakiwa kuwa na sanduku lake au chumba chake kilichotengwa, ili fundi aweze kuzima sehemu anayofanyia kazi bila kubaki na nyaya zenye umeme mbele ya mikono yake. Mnunuzi wa jengo la zamani anayetaka kubadilisha mfumo asidhani kuwa sanduku lililokubaliwa miaka ya nyuma litakubaliwa tena.

Skrubu ya kijani

Tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili ni mahali ambapo waya wa nyutro huunganishwa na ardhi. Katika swichi kuu, nyutro, sanduku la chuma na waya unaokwenda ardhini hufungwa pamoja kwa kiungo maalumu. Kiungo hicho kikiwa skrubu, kanuni hutaka iwe ya rangi ya kijani na ionekane.

Kwa njia ya swichi kuu nne, kila sanduku hutakiwa kuwa na kiungo hicho. Kwa njia ya swichi kuu moja, kiungo huwekwa humo tu. Katika masanduku manne ya fremu nyutro na waya wa ardhi hutengwa. Fundi anayeanza na mpango mmoja na kumaliza kwa mwingine huweza kuiacha skrubu pasipotakiwa. Hapo umeme unaorudi kwa nyutro hugawanyika na kupita pia katika mabomba na masanduku ya chuma ya jengo. Akisahau kuifunga panapotakiwa, hasara ni kubwa zaidi: fezi ikigusa chuma, chuma hubaki na umeme na breka haikatiki.

Nondo haikati umeme

Wengi hudhani kuwa nondo iliyopigwa ardhini ndiyo inayokata umeme wakati wa hitilafu. Hesabu inakataa. Kanuni hutaka nondo iwe na urefu wa kama meta 2.44 ndani ya udongo, na ikiwa moja haifikii ukinzani wa omu 25 au chini yake, ya pili huongezwa umbali usiopungua meta 1.8. Volti 120 zikigawanywa kwa omu 25 ni ampea 4.8 tu. Breka ya ampea 20 haitajua kuwa kuna jambo. Kazi ya nondo ni kusaidia dhidi ya radi na kushikilia volti za jengo karibu na za ardhi. Breka hukatwa na njia nzuri ya chuma inayorudi kwenye nyutro kupitia kile kiungo cha swichi kuu.

Kwa sababu hiyo waya unaokwenda kwenye nondo peke yake hautakiwi kuzidi namba 6 ya shaba. Waya unaokwenda kwenye bomba la maji la chuma au nguzo za chuma za jengo ndio hukua kulingana na laini inayoingia. Mathalani, swichi kuu nne zenye nyaya za shaba namba 3/0 huweza kutumia waya mmoja wa pamoja wa namba 2/0, uliokadiriwa kwa jumla ya nyaya zote nne, kisha tawi la namba 4 likatoka hapo kwenda kila sanduku. Matawi hufungwa kwenye waya wa pamoja bila waya huo kukatwa.

Punguzo lenye masharti

Kwa mwenye swichi kuu moja, matawi ya umeme wenyewe ndiyo yenye mtego. Kwa kawaida waya hulindwa na breka inayolingana nao. Tawi ni ruhusa ya kutoa waya mwembamba kwenye laini kubwa bila breka mwanzoni mwake. Ruhusa hiyo huokoa fedha, lakini kadiri tawi linavyorefuka, ndivyo linavyotakiwa kuwa nene.

Tawi lisilozidi meta 3 hutakiwa kubeba angalau sehemu moja ya kumi ya breka iliyo nyuma yake. Lisilozidi meta 7.5 hutakiwa kubeba theluthi moja na kuishia kwenye breka moja inayolingana nalo. Kwa breka ya ampea 400, theluthi ni ampea 133. Waya wa shaba namba 1, unaokadiriwa kubeba ampea 130, hukataliwa kwa pungufu ya ampea 3, na mwenye jengo hulazimika kununua namba 1/0. Aidha, tawi haliruhusiwi kuzaa tawi jingine.

Hapa Afrika Mashariki namba hizo hazinakiliki. Umeme wa maduka ni wa volti kama 230, na taratibu za mafundi zina asili ya Uingereza. Lakini mantiki ya nondo haibadiliki: volti 230 kwa omu 25 ni ampea 9.2, ambazo hazikati breka ya ampea 20. Ndiyo maana jengo linalotegemea nondo yake peke yake huhitaji kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Kwa anayetaka kuweka fedha katika fremu za Marekani, peke yake au pamoja na ndugu aliyeko huko, ushauri ni mmoja. Kabla ya kutia saini aombe mchoro wa laini unaoonyesha mambo manne: idadi ya swichi kuu, mahali kiungo cha nyutro kilipo, urefu na unene wa kila tawi, na toleo la kanuni linalotumika. Mchoro huo ni karatasi moja tu. Kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi ili kubadilisha waya uliopungua ampea 3 ni kodi ya miezi iliyopotea.