Amani Hutangulia Riziki: Hasara ya Ujambazi kwa Nyumba na Taifa

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji wa Makka, kama tunavyosoma katika Suratul-Baqara aya ya 126, alitanguliza ombi la amani, kisha ndipo akaomba watu wake waruzukiwe matunda. Katika Surat Quraysh pia, baada ya kutajwa misafara ya biashara ya Maquraishi, wanakumbushwa neema mbili kwa pamoja: kulishwa wasife njaa, na kusalimishwa na hofu.

Imam Bukhari amepokea kwa Adiyy bin Hatim (R.A.) kwamba alikuwapo mbele ya Mtume (S.A.W.) alipokuja mtu kushitakia ufukara, kisha akaja mwingine kushitakia majambazi wa njiani. Mtume akambashiria Adiyy kwamba akijaaliwa umri ataona mwanamke akisafiri kutoka Hira, nchi ya Iraq, hadi kuizunguka Al-Kaaba pasi na kumwogopa yeyote ila Allah. Baada ya hapo ndipo alipotaja wakati ambao mtu atatoa dhahabu ya sadaka asipate wa kuipokea. Njia salama ilitajwa mwanzo, na utajiri ukafuata.

Na tuyatazame hayo hapa kwetu Moshi. Akina mama huteremka alfajiri na mikungu ya ndizi kutoka Kibosho na Uru kuelekea soko la Mbuyuni. Ikivuma habari kwamba njiani kuna vibaka wenye mapanga, mama huyo atangoja kuche. Atafika sokoni wanunuzi wa jumla wameshaondoka, naye atauza kwa bei ya kutupa. Hakuporwa kitu, wala hakuna jalada lake kituo cha polisi, lakini kipato cha siku kimepotea. Vivyo hivyo mwenye duka anayefunga Magharibi badala ya baada ya Isha, tena akamlipa mlinzi na kuweka nondo madirishani. Gharama hiyo huiongeza katika bei ya sukari, na mwenye kuilipa ni mimi na wewe.

Ndiyo maana mafaqihi waliuita ujambazi huu “kukata njia”. Mwizi wa kificho humdhuru mwenye mali. Jambazi huikata njia hata kwa yule ambaye bado hajaipita.

Mkoa wetu una kumbukumbu zake. Mwaka 2004 tawi la benki ya NBC mjini Moshi liliporwa zaidi ya shilingi bilioni 5. Tarehe 7 Agosti 2013 mfanyabiashara wa tanzanite, Erasto Msuya, aliuawa kwa risasi mchana kweupe huko Mjohoroni, wilaya ya Hai, na hukumu ya Mahakama Kuu mjini Moshi ikatolewa mwaka 2018. Hiyo ni miaka mitano ya wapelelezi, mashahidi, mawakili na mahakimu, wote kwa gharama. Majeruhi wa panga au risasi naye, anapofikishwa Mawenzi au KCMC, huhitaji damu, kitanda na daktari wa upasuaji, ambavyo vingemhudumia mgonjwa mwingine. Na mkoa unaoishi kwa wageni wa mlima ufahamu kwamba mgeni akiogopa safari, mpagazi wa Marangu ndiye anayekosa posho.

Kwa upeo wa dunia, ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba watu bilioni 1.5 waliishi katika maeneo yaliyoathiriwa na udhaifu wa dola, vita au uhalifu mkubwa wa magenge.

Lakini hasara iliyo nzito kuliko zote iko nyumbani. Kwa aliyeuawa kwa makosa, Qur’ani (An-Nisaa: 92) imewajibisha diya kwa ahali zake, na Sunna ikaikadiria kuwa ngamia 100. Sheria ilitambua kwamba anapoanguka mtu mmoja huangukiwa na wengi. Kijana wa bodaboda akiuawa kwa ajili ya pikipiki, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na eda ikimalizika deni la pikipiki bado lipo, na watoto bado wana ada ya shule.

Je, familia ya Kiislamu ifanye nini? Kwanza, tusinunue cha wizi. Simu au kipuri kinachouzwa kwa robo ya bei, usiku, bila risiti, kina mwenyewe anayelia. Tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui (Al-Maida: 2), na mnunuzi ndiye mtaji wa jambazi. Pili, mzazi amuulize kijana asiye na kazi alikotoa fedha anazoleta. Mama asizipokee kwa furaha kabla ya jibu. Tatu, tusifiche ushahidi (Al-Baqara: 283), kwani kesi nyingi hufa kwa kukosa shahidi. Nne, tusiwachome moto watuhumiwa. Adhabu ni ya dola baada ya hukumu, na Mtume (S.A.W.) amekataza kuadhibu kwa moto. Kundi linaloua mtaani nalo linaacha mjane na mayatima, na huenda aliyeuawa hakuwa mwizi.

Leo baada ya Swala, kila mwenye nyumba akague vilivyomo ndani kwake, na asichokijua asili yake akiulizie. Kikithibiti kuwa cha wizi, kirudi kwa mwenyewe au kifikishwe polisi.

Tunamwomba Allah (S.W.) aijaalie miji yetu amani, na awaruzuku watu wake kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.