Sola ya Gari la Kambi: Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Wikendi ndefu inakaribia. Gari lenu, tuseme ni Noah mliyoing'oa viti vya nyuma mkatandika godoro, liko tayari kwa safari ya Ziwa Baringo. Kilichobaki ni stima. Mnataka simu zisizime, taa ziwake usiku, na friji ndogo ya gari ihifadhi nyama na maziwa ya mtoto. Unaingia mtandaoni, unaona "seti kamili ya sola, wati 300, bei ya ofa". Muuzaji anakwambia utume pesa leo leo kabla ofa haijaisha.

Subiri kidogo. Pesa ikishatoka kwa simu yako, kuirudisha ni kazi. Hesabu ya dakika kumi inaweza kukuokolea maelfu ya shilingi, kwa hivyo chukua kalamu tuipige pamoja.

1. Anza na matumizi, si paneli

Kila kifaa kina wati zake. Zidisha wati hizo kwa saa kitakazofanya kazi kwa siku, upate wati-saa. Mfano wa familia ya watu wanne:

- Simu 4, kila moja takribani wati-saa 15: 60
- Taa 2 za LED za wati 5, saa 5 kila usiku: 50
- Laptopu, kuchaji mara moja: 60
- Friji ya gari ya wati 45, ikinguruma jumla ya saa 8 kwa siku: 360

Jumla ni wati-saa 530 kwa siku. Umeona friji? Peke yake inakula zaidi ya nusu. Ukibeba kasha la barafu badala yake, mahitaji yanashuka hadi 170, na seti ndogo ya bei nafuu itawatosha. Lakini kama ndani ya friji kuna insulini ya mgonjwa, usikisie hata kidogo: nunua seti ya kutosha na ya ziada.

2. Paneli ya ukubwa gani?

Sehemu nyingi za Kenya hupata jua kali la kama saa 5 kwa siku. Paneli nayo haitoi wati zake zote: joto, vumbi na nyaya hupunguza, kwa hivyo hesabu asilimia 70 tu.

Paneli ya wati 200 × saa 5 × 0.7 = wati-saa 700. Kwa familia yetu, inatosha na kubaki. Lakini mwezi wa Julai kule Aberdare, mawingu yakitanda, jua la maana linaweza kuwa la saa 3 tu. Paneli hiyo hiyo itatoa 420, na friji itaanza kukusumbua siku ya pili.

Kuna jambo lingine. Baringo ni joto, na kila mtu anataka kuegesha chini ya mgunga. Paneli iliyofungwa juu ya gari nayo itakaa kivulini, na hata kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza umeme sana. Kama nyinyi ni watu wa kukaa mahali pamoja siku mbili tatu, paneli ya kukunja yenye waya mrefu ni bora: gari kivulini, paneli juani. Kama mnasonga kila siku, ya kufunga juu ya gari inafaa zaidi, maana inachaji hata mkiwa barabarani.

3. Betri ndiyo inayokula pesa

Usitegemee betri inayowasha gari. Friji itaimaliza usiku, na asubuhi mtakuwa mnatafuta watu wa kusukuma. Weka betri ya pili.

Betri ya asidi ya 100Ah, volti 12, inabeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu utumie nusu tu, yaani 600. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo unaweza kuitumia hadi asilimia 80, karibu wati-saa 1,000. Ya kwanza inawapa siku moja tu, ya pili karibu siku mbili. Lithiamu ni ghali zaidi dukani, lakini linganisha bei yake na ya betri *mbili* za asidi, si moja.

4. Vitu vidogo vya lazima

Kontrola hukaa kati ya paneli na betri ili betri isichajiwe kupita kiasi. Kwa paneli ya wati 200 chukua ya ampea 20. Fyuzi karibu na betri si ya hiari, maana bila hiyo waya zikigusana gari linaweza kushika moto. Inveta mnaweza kuiacha ikiwa vifaa vyote vinatumia volti 12 au USB. Na birika la umeme libaki nyumbani: birika la wati 2,000 kwa dakika 10 hula zaidi ya wati-saa 330, karibu sawa na friji siku nzima. Chai pikeni kwa gesi.

5. Kagua, kisha ulipe

Beba futi ya kupimia. Paneli nzuri ya wati 200 ina ukubwa wa karibu mita moja ya mraba. Ukiletewa "wati 300" yenye nusu ya ukubwa huo, hiyo ni stika tu. Inua betri pia: lithiamu ya 100Ah huwa na uzito wa kilo 10 na zaidi. Ikiwa nyepesi kama mkoba wa shule, achana nayo.

Ukifika kwenye malipo:

- Lipa ukiwa umeona mali. Muuzaji akikataa hilo, tafuta mwingine.
- Lipa kwa nambari ya till au paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na la duka, simama hapo.
- Dai risiti yenye wati, Ah na muda wa warranti. Ujumbe wa malipo usiufute. Ndio ushahidi wako.
- Ukinunua kwa lipa pole pole, jumlisha yote. Tuseme deposit ni 4,000 na kila siku 60 kwa siku 400: utalipa 28,000. Linganisha na bei ya keshi. Uliza pia kama kifaa hujifunga ukichelewa kulipa. Hutaki kizime ukiwa msituni pasipo na network.
- Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, na umlipe kwa awamu. Nusu akimaliza kufunga, iliyobaki asubuhi, baada ya friji kufanya kazi usiku kucha hapo nyumbani.

Usiku huo mmoja wa majaribio usiuruke. Kasoro ikitokea ukiwa nyumbani, fundi yuko karibu na pesa yake bado iko kwako. Ikitokea Baringo, utabaki na nyama iliyooza na namba ya simu isiyoshikwa.

Safari njema, na PIN yako ibaki siri yako.