Majani Makavu ni Akiba ya Mfugaji

Tarehe 4 Oktoba 2018 ilitolewa nchini Burundi sheria inayoagiza mifugo ifugwe zizini siku zote, na kukataza ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na hata kuku kuzurura ovyo. Wafugaji walipewa muda wa miaka 3 wa kujitayarisha, na ilipofika Oktoba 2021 sheria hiyo ikaanza kutumika. Shabaha yake ni njema na inaeleweka. Burundi ni nchi yenye eneo la kilometa za mraba 27,834 tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 ilikuta wakazi zaidi ya milioni 8, nao wamezidi kuongezeka tangu hapo. Nchi ya namna hiyo haiwezi kuacha kila kundi lijitafutie chakula katika mashamba ya watu.

Lakini mbuzi aliyefungiwa zizini hashibi sheria, hushiba majani. Zamani alijitafutia majani hayo mwenyewe, kando ya njia, mabondeni na katika mashamba yaliyokwisha vunwa. Leo ni lazima mtu ayakate, ayabebe na kumletea. Asiye na shamba la kukata hana budi kununua. Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo mababu hawakulijua, yaani majani kuwa bidhaa yenye bei kama unga na maharagwe.

Mjini Bujumbura jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko mahali pengine. Mji huo uko kando ya Ziwa Tanganyika, katika uwanda wa Imbo, ambako joto ni kali na mvua ni chache kuliko milimani. Kuanzia Juni mpaka Septemba ardhi hukauka na majani hugeuka manjano. Isitoshe, maji ya ziwa na ya mto Rusizi yaliyofurika tangu mwaka 2020 yalifunika sehemu kubwa za Gatumba. Kwa hiyo majani mengi yanayoliwa na mifugo ya mjini hayana budi kutoka mbali, na kila hatua ya safari huongeza bei.

Gharama ya safari hiyo si ndogo. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura. Kisha upungufu mkubwa wa petroli ulioikumba nchi, hasa katika miaka ya 2023 na 2024, ukapandisha nauli za mizigo ya kila aina. Fungu la majani lililokatwa bure kilimani likawa ghali lifikapo mjini, si kwa sababu majani yenyewe yana thamani kubwa, bali kwa sababu ya mgongo au gurudumu lililolibeba.

Ni vyema basi ifahamike ni kitu gani hasa kinachonunuliwa. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kila kilo 20 za matete yaliyokatwa asubuhi, kilo 16 hivi ni maji, na chakula chenyewe ni kilo 4 tu. Majani yaliyokaushwa vizuri ni kinyume chake. Katika robota la kilo 20, chakula ni kilo 17 hivi. Anayenunua majani mabichi yaliyotoka mbali hulipa nauli ya maji, ilhali maji anayo kisimani au bombani.

Hesabu ndogo itadhihirisha jambo hilo. Mbuzi mwenye uzito wa kilo 30 huhitaji karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku. Mwenye mbuzi 5 atahitaji kilo 600 kwa siku 120 za kiangazi. Akinunua majani mabichi, itampasa apate tani 3, yaani mafungu 150 ya kilo 20. Akinunua majani makavu, marobota 35 au 36 yatamtosha. Ikiwa, kwa mfano tu, fungu bichi ni faranga 1,000 na robota kavu ni faranga 3,000, majani mabichi yatamgharimu faranga 150,000, na makavu yatamgharimu faranga 108,000 kwa wingi. Robota lililoonekana ghali mara tatu ndilo lililo rahisi. Bei hubadilika kila msimu na kila soko, lakini kanuni haibadiliki: mnunuzi apime chakula kilichomo, asipime ukubwa wa fungu.

Farasi naye ana hesabu yake. Wanyama hao ni wachache sana Bujumbura, na si mifugo ya jadi ya Warundi. Farasi mwenye uzito wa kilo 400 hula kiasi cha kilo 8 za chakula kikavu kwa siku, yaani sawa na mbuzi 8. Tena hali kila kitu. Mbuzi, kama ng'ombe, ana tumbo lenye vyumba vinne na hucheua; aweza kufaidi mabua, maganda na matawi ya miti. Farasi hacheui. Akipewa majani yenye ukungu hushikwa na msokoto wa tumbo unaoweza kumwua kwa muda mfupi. Kwa hiyo mwenye farasi hana njia ya kukwepa gharama. Hununua majani safi au hupoteza mnyama. Mwenye mbuzi anazo njia nyingi, na ni wajibu wake kuzijua.

Njia ya kwanza ni kutumia yale yanayotupwa. Katika uwanda wa Imbo, hasa Gihanga, mpunga hulimwa kwa wingi, na baada ya mavuno mabua yake mara nyingi huchomwa moto. Mabua hayo yana nguvu ndogo, lakini huweza kuboreshwa. Kilo 100 za mabua hunyunyiziwa lita 50 za maji yaliyoyeyushwa kilo 4 za mbolea ya urea, kisha hufunikwa pasipo kuingia hewa kwa wiki 3. Yakifunuliwa na kupigwa upepo, huwa laini na huliwa vizuri na ng'ombe na mbuzi wazima. Vipimo hivyo visizidishwe, kwa maana urea ikizidi ni sumu. Wala vitoto vya mbuzi na farasi wasipewe chakula hicho. Yapo pia machicha ya kiwanda cha bia, mashudu ya mawese, majani ya viazi vitamu na migomba iliyokwisha kuzaa.

Njia ya pili ni kupanda. Matete na majani mengine ya malisho yakipandwa kwenye kingo za makinga maji hayanyang'anyi maharagwe nafasi. Mizizi yake huzuia udongo usichukuliwe na mvua, majani hulisha mifugo, na samadi hurudi shambani. Miti kama kaliandra na lusina huongeza chakula cha kujenga mwili, na mbuzi huipenda kuliko majani ya chini.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya, ni kuweka akiba wakati wa neema. Mwezi Mei, mvua inapokwisha, majani ni mengi na bei yake ni ndogo. Yakatwe yanapoanza kuchanua, kwa sababu yakikomaa sana hubaki miti mitupu. Yaanikwe jua la siku 2 au 3 huku yakigeuzwa. Kisha yashindiliwe ndani ya sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, na kufungwa kwa kamba. Hapo hupatikana robota la kilo 20 hivi. Matete, ambayo shina lake ni nene na hukauka kwa shida, ni afadhali yakatwekatwe na kufukiwa shimoni pasipo hewa. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini majani yaliyofungwa kabla ya kukauka, au kuwekwa chini penye unyevu, ni akiba inayooza. Yanahitaji uchaga na paa.

Haitoshi hata hivyo kumwachia mwananchi mmoja mmoja kazi yote. Mjane mwenye mbuzi 2 na kiwanja kisichotosha hata jiko hawezi kupanda matete wala kujenga ghala. Akishindwa kununua majani atauza mbuzi. Akiuza mbuzi atakosa samadi, na akikosa samadi mavuno yake yatapungua. Hivyo sheria iliyokusudiwa kulinda shamba huweza kumwondolea mnyonge kile kinacholirutubisha shamba. Vyama vya ushirika vilivyoanzishwa vilimani vinaweza kuzuia jambo hilo kwa kununua majani kwa pamoja mwezi Mei, kuyahifadhi, na kuyauza Agosti kwa bei ya haki. Viongozi wa wilaya nao waweza kutenga kingo za barabara na mabonde kwa ajili ya wasio na ardhi.

Katika desturi za Warundi, watu husalimiana kwa kutakiana makundi ya mifugo: "Amashyo!" Salamu hiyo ilitoka katika enzi ambayo malisho hayakuwa na mwenyewe wala bei. Enzi hiyo imepita. Anayemtakia jirani yake mifugo leo hana budi amtakie pia majani ya kuilisha, na afadhali zaidi ashirikiane naye kuyakata, kuyakausha na kuyaweka kabla kiangazi hakijabisha hodi.