Mambo Msiige na Haki ya Jirani

Jumba la Mambo Msiige, Shangani, Unguja, lilijengwa karne ya 19. Yasimuliwa kuwa chokaa yake ilichanganywa na mayai. Watu wakastaajabia gharama, jina likazaliwa. Mwaka 2015 lilifunguliwa kuwa hoteli, na ubavuni mwake, palipokuwa uwanja wazi, pana jengo jipya. Wapo waliofurahia kuta kongwe kunusurika na ajira kupatikana. Wengine walisikitikia uwanja. Na UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ikalalamikia ukubwa wa jengo.

Sisi twasema: kukarabati ni kheri, lakini dini yetu imempa jirani haki. Jumba likipambwa, mama na wanawe wasinyimwe upepo wa bahari.