Nafasi Moja Yaweza Kuangamiza Mafaili

Askari aliyezoea gwaride ajua kwamba amri ikikatwa mahali pasipostahili, kikosi chaweza kugeukia upande usiotakiwa. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ila yenyewe haishangai wala haiulizi.

Katika mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na katika Linux ulioufuata, mtumiaji aweza kuandika amri kwa maneno. Kwanza hutaja jina la programu, kisha njia ya faili linalohusika. Njia hiyo ni kama anwani: hutaja folda moja ndani ya nyingine, zikitengwa kwa mkwaju, hadi kulifikia faili lenyewe. Lakini kompyuta huigawa amri kila ionapo nafasi tupu. Basi mtu akiamuru faili liitwalo barua ya mama lifutwe, kompyuta husoma majina matatu: barua, ya, mama. Iwapo lipo faili jingine liitwalo barua, hilo ndilo litakalopotea.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2011 watungaji wa Bumblebee, programu ya Linux, waliandika amri ya kufuta folda moja iliyomo ndani kabisa ya /usr. Kwa bahati mbaya nafasi moja ilipenya baada ya neno usr. Njia moja ikawa mbili, na amri ikawa ya kuifuta /usr yote, mahali zihifadhiwapo programu nyingi za mashine.

Kinga zake ni nyepesi. Kwanza, njia ya faili ifungwe kwa alama za mtajo, hivi: "barua ya mama". Pili, jina linaloanza na kistari hudhaniwa kuwa sharti la amri. Aghalabu vistari viwili vikitangulizwa huonyesha kwamba masharti yamekwisha. Tatu, njia isiyoanza na mkwaju huhesabiwa kutoka folda aliyomo mtumiaji. Akihama, maana yake nayo huhama.

Mtungaji wa programu naye hana budi kuhakikisha kwamba faili lililotajwa lipo, na lisipokuwapo, programu iseme waziwazi na kusimama. Nayo familia inayotunza picha za watoto katika kompyuta iweke nakala ya pili mahali pengine, kwani kilichofutwa kwa amri ya namna hii aghalabu hakirudi. Tahadhari kabla ya hatari.