Huzuni Isiyoondoka: Homoni, Serotonini na Kazi ya Mchungaji

Katika huduma ya usharika huletwa kwetu watu ambao hawali, hawalali, wala hawawezi tena kuomba. Wengi wetu tumezoea kuwauliza kwanza juu ya dhambi iliyofichwa au upungufu wa imani. Swali hilo lina mahali pake, lakini likitangulia mengine yote laweza kumwongezea mgonjwa mzigo. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza kwa ufupi yale yanayotendeka mwilini mwa mtu wa namna hiyo.

Mtu akikutana na hatari, adrenalini hutoka mara moja: moyo hupiga mbio na damu hukimbilia misuli. Kisha haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni iitwayo kortisoli, ambayo huupatia mwili sukari ya kutumia. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal, alieleza kwamba panya waliopatwa na baridi, majeraha au sumu walionyesha badiliko lile lile: tezi za juu ya figo zilikua, na vidonda vikatokea tumboni.

Mpango huu ni mwema, maana bila huo hakuna ambaye angemkimbia simba. Ubaya huja hatari isipokwisha. Kwa kawaida sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, hutambua kwamba kortisoli imetosha na kusaidia kuizuia. Msongo ukidumu, breki hiyo hulegea. Na katika wanyama imeonekana kwamba matawi ya seli za sehemu hiyo hunywea. Robert Sapolsky, aliyeanza kuwachunguza nyani wa Masai Mara, Kenya, mwaka 1978, aliona kwamba katika makundi yenye ngazi za cheo zilizotulia, madume wa chini, walioonewa kila siku, walikuwa na kortisoli nyingi hata pasipokuwa na hatari. Na mwanadamu je, ambaye deni lake au kesi ya shamba lake hulala naye kitandani?

Tena wako watu ambao uvimbe katika tezi huwafanya watoe kortisoli kupita kiasi, nao mara nyingi huangukia katika huzuni nzito. Hakuna kati yetu ambaye angethubutu kuuita uvimbe huo upungufu wa imani.

Kuhusu serotonini yatupasa kusema kwa uangalifu zaidi. Kemikali hii ilitengwa kutoka katika damu huko Cleveland, Marekani, mwaka 1948. Sehemu yake kubwa, yapata 90 kwa 100, imo katika njia ya chakula, wala si kichwani. Katika ubongo hupeleka habari kati ya seli, na huhusika na usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Dawa ya fluoksetini iliporuhusiwa Marekani mwaka 1987, ilienea fundisho kwamba sonona ni kupungukiwa na serotonini, kama mboga iliyopungukiwa na chumvi. Tukiri kwamba nasi tulilipenda, kwa kuwa lilimwondolea mgonjwa lawama. Lakini mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti nyingi, wasipate ushahidi thabiti wa upungufu huo.

Je, basi vidonge ni udanganyifu, kama wahubiri wengine wanavyosema? La hasha. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 522, ulionyesha kwamba dawa zote 21 zilizopimwa zilisaidia kuliko vidonge visivyo na dawa, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Dawa hubadili serotonini kwa muda wa saa chache, lakini nafuu huja baada ya majuma kadhaa. Kwa hiyo kazi yake si kujaza pengo tu. Jambo hili mchungaji hana budi kulijua, maana mgonjwa hukata tamaa katika juma la pili. Kadhalika anayeamriwa kuviacha ghafla, ati kwa sababu ameombewa, aweza kupatwa na kizunguzungu, kukosa usingizi, na kurudiwa na ugonjwa. Kuacha ni kwa ushauri wa daktari, tena polepole.

Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhoji. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Swali lilimngoja huko Horebu. Naye Luther, alipomwandikia Hieronymus Weller mwaka 1530, alimwonya asikae peke yake na huzuni yake.

Basi tukimtembelea mtu wa namna hii, tumwulize juu ya usingizi, chakula na madeni kabla ya kufungua kitabu. Tumwulize pia waziwazi kama ametamani kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake siku hiyo, bali apelekwe hospitali pamoja na ndugu yake, na mchungaji aende nao.