Eric Liddell na Jumapili ya Paris: lipi kweli, lipi si kweli

Mimbarini na kwenye semina za vijana kuna hadithi inayopendwa sana: mwanariadha wa Skotland, Eric Liddell, aligoma kukimbia siku ya Bwana, na Mungu akamlipa medali ya dhahabu. Vijana huondoka wameamini kwamba ukimpa Mungu Jumapili yako, kazi nzuri na visa vitakuja vyenyewe. Liddell hakufundisha hivyo, wala maisha yake hayasemi hivyo. Tuyapitie yanayosemwa juu yake.

Aligundua akiwa safarini kwamba mbio zake ni Jumapili. Si kweli. Hayo ni ya filamu ya Chariots of Fire ya mwaka 1981, inayomwonyesha akipata habari wakati anapanda meli. Ratiba ya Olimpiki ya 1924 ilijulikana miezi kadhaa kabla, naye alishakataa mapema. Ndiyo kusema haukuwa ushujaa wa dakika moja. Mwaka uliotangulia alikuwa amekimbia yadi 100 kwa sekunde 9.7 katika mashindano ya taifa ya Uingereza, kwa hiyo wengi walimtegemea yeye katika mita 100. Aliishi na lawama zao muda wote huo, huku akijinoa kwa mita 200 na 400 chini ya mwalimu wake, Tom McKerchar. Jumapili ya Julai 6, wenzake walipokuwa kwenye mchujo, yeye alihubiri katika kanisa la Waskoti mjini Paris.

Dhahabu ya mita 400 ilikuwa malipo ya utii wake. Hapa ndipo hadithi inapoharibiwa zaidi. Ni kweli kwamba Ijumaa ya Julai 11 alikimbia katika njia ya nje kabisa, asiwaone wapinzani wake, akashinda kwa sekunde 47.6, rekodi ya Olimpiki. Ni kweli pia kwamba siku hiyo mmoja wa wachuaji wa timu alimpa kikaratasi chenye neno linalotoka 1 Samweli 2:30, ambapo Mungu anasema atawaheshimu wanaomheshimu. Wahubiri wengi huishia hapo.

Lakini lisome andiko hilo mahali pake. Linaelekezwa kwa Eli, kuhani ambaye wanawe walinyakua mafuta ya sadaka kabla hayajateketezwa, wakanenepa kwa matoleo ya watu. Ni hukumu juu ya watumishi waliogeuza madhabahu kuwa mradi wao. Kulitumia andiko hilohilo kuwaahidi waumini utajiri ni kulipindua, na nasema hivi kwa uchungu, maana nimesikia likitumika hivyo kabla tu ya vikapu vya sadaka kupitishwa.

Tena, hesabu yenyewe haikubali. Harold Abrahams, aliyekimbia mchujo wa Jumapili ileile, kesho yake alitwaa dhahabu ya mita 100. Kama medali ndiyo mshahara wa kuitunza Jumapili, huyu alilipwa kwa lipi? Liddell hakuacha mita 100 peke yake. Aliacha pia mbio mbili za kupokezana vijiti, mita 100 kwa wanne na mita 400 kwa wanne, kwa sababu nazo ziliangukia Jumapili. Bila yeye, Uingereza ilipata fedha katika ya kwanza na shaba katika ya pili. Wenzake walivishwa medali ambazo naye angeweza kuvaa, na hakuna aliyemfidia. Mahubiri mengi huziruka mbio hizo mbili, kwa sababu hazina mwisho wa kushangiliwa.

Mtu wa imani hana haja ya kujitahidi katika mambo ya dunia. Si kweli hata kidogo, na wazazi wanaowazuia watoto wao michezo kwa jina la wokovu wanapaswa kumwangalia Liddell vizuri. Aliichezea Skotland raga mara saba. Alisoma sayansi Chuo Kikuu cha Edinburgh akahitimu mwaka huohuo wa 1924, wanafunzi wenzake wakambeba mabegani. Kwenye mashindano alijulikana kwa kuwapa mikono wapinzani wote kabla ya mbio, kisha akikaribia mwisho hukimbia kichwa kikiwa nyuma na mikono ikipunga ovyo. Alitaka kushinda, na alifanya mazoezi ya kushinda. Alichokataa ni kumwachia ushindi kiti cha enzi.

Baada ya dhahabu, mambo yalimnyookea. Si kweli. Mwaka 1925 aliondoka kwenda China, alikokuwa amezaliwa mjini Tianjin mwaka 1902 na wazazi wamisionari, akafundisha sayansi katika shule moja mjini humo. Mwaka 1937 alihamia vijijini Xiaozhang, vita na Wajapani vikiwa vimeshawaka. Mwaka 1941 hali ilipozidi kuwa mbaya aliwasafirisha mkewe Florence, aliyekuwa mjamzito, na mabinti wao wawili kwenda Kanada. Yeye akabaki. Binti wa tatu, Maureen, alizaliwa huko na baba yake hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien, na Februari 21, 1945 akafa humo kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa Agosti mwaka huohuo. Anayehubiri kwamba utii huzaa mafanikio na aisimulie hadithi yote, hadi hapa.

Alimpa mama mjamzito nafasi yake ya kutoka kambini. Halina uthibitisho. Lilienea mwaka 2008, wakati wa Olimpiki ya Beijing, na hata kwa familia yake lilikuwa geni. Tuliweke pembeni, yaliyoshuhudiwa na wafungwa wenzake yanatosha. Langdon Gilkey, Mmarekani aliyefungwa naye, aliandika kwamba mara nyingi alimkuta na vijana wa kambi, akicheza nao sataranji au akiwasaidia kuunda mashua ndogo za kuchezea.

Hakulegeza kamwe msimamo wake juu ya Jumapili. Si kweli, na kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kambini aliwasimamia vijana michezo, lakini si siku ya Bwana. Jumapili moja vijana walicheza magongo wenyewe bila mwamuzi, wakaishia kupigana. Liddell aliwaona ni watoto waliofungiwa, wengi wao mbali na wazazi, wasio na pa kwenda. Jumapili iliyofuata, mtu aliyeacha mbio za Olimpiki kwa ajili ya siku hiyo aliingia uwanjani akawachezeshea mechi.